Kuandikwa na Kufutwa: Karatasi katika Msamiati wa Kazi, Mfano wa Timbwani

Utangulizi

Makala haya yalianza kama zoezi la darasani. Katika somo la leksikografia, mwaka wa kwanza wa uzamili, tulitakiwa kukusanya maneno hamsini ya uwanja mmoja wa maana kutoka kwa wazungumzaji asilia. Wenzangu walichagua uvuvi, mapishi na mavazi ya harusi. Mimi wakati huo nilikuwa nikiishi nyumbani Timbwani, nikisubiri majibu ya maombi matatu ya kazi, na uwanja uliokuwa karibu nami ulikuwa mmoja tu: kutafuta kazi. Maneno hamsini yalipatikana kwa siku mbili. Kilichonishangaza ni kwamba mengi kati ya hayo hayakuhusu kazi yenyewe, yaani nguvu, ujuzi au zana. Yalihusu karatasi.

Kwa mwenyeji wa Pwani, aliyepata kazi ya kudumu "ameandikwa". Aliyeipoteza "amefutwa" au, kwa lugha ya mtaani, "amepigwa kalamu", kana kwamba kuna daftari mahali fulani ambamo jina lake limepitishiwa mstari. Afanyaye kazi ya siku ni "kibarua", neno ambalo ndani yake mna barua. Kitambulisho ni "kipande". Aliyesoma sana "ana makaratasi". Hata yule asiye na kazi kabisa hutambulikana kwa faili la plastiki analolikumbatia kifuani asubuhi.

Hoja yangu ni kwamba msamiati huu haukuzuka kwa bahati. Kila neno limehifadhi historia ya kizuizi fulani kilichowekwa kati ya mtu mwenye uwezo na kazi inayomfaa, na vizuizi hivyo havijaondoka. Vimebadilisha sura tu. Timbwani ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Likoni, pamoja na Mtongwe, Shika Adabu, Bofu na Likoni yenyewe. Sidai kwamba maneno haya ni ya Timbwani peke yake. Nadai tu kwamba ukitaka kuyasikia yote kwa asubuhi moja, simama njia ya kuelekea feri saa kumi na moja unusu alfajiri.

Kibarua na mshahara

Tuanze na neno lililo kongwe zaidi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kwamba kibarua ni udogo wa barua, na kwamba mfanyakazi wa siku aliitwa hivyo kwa sababu alipewa kikaratasi ambacho alikirudisha wakati wa kulipwa. Katika miji ya Zanzibar na Mombasa ya karne ya 19, wengi wa vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao kwa kazi za siku, na sehemu ya ujira wao ilirudi kwa bwana. Kikaratasi basi hakikuwa mali ya mbebaji. Kilikuwa ushahidi kwamba nguvu zake za siku ile zimehesabiwa.

Mwanasarufi ataona jambo la ajabu hapa. Tunasema "kibarua amechelewa", tukimtia mtu katika ngeli ya A-WA. Tunasema pia "kibarua chake kimeota nyasi", na hapo kibarua ni ile kazi, katika ngeli ya KI-VI. Karatasi, kazi na mtu vimelala katika neno moja. Sijui lugha nyingi, lakini katika zile chache ninazozijua sijapata mfano wa mtu kuitwa kwa jina la risiti yake.

Linganisha na "mshahara", neno lenye asili ya Kiarabu lililotokana na jina la mwezi katika lugha hiyo. Mshahara ni malipo ya mwezi. Kwa hiyo kibarua, kwa maana halisi ya maneno haya mawili, hawezi kuwa na mshahara. Ana ujira wa siku. Wazee wa Likoni bado wanaitunza tofauti hii vizuri kuliko vitabu vyetu vya shule. Mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini kwa miaka mingi alinisahihisha nilipomwuliza mshahara wake wa kwanza ulikuwa kiasi gani. "Mwanangu," alisema, "mshahara niliupata baada ya kuandikwa. Kabla ya hapo nilikuwa nikilipwa."

Bandari ya Kilindini ndiyo iliyoyapa maneno haya uzito wake wa leo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kazi ya kupakia na kupakua meli ilifanywa kwa sehemu kubwa na vibarua waliochaguliwa kila siku. Migomo ya mwaka 1939 na ule mgomo mkuu wa Januari 1947, ambao kutokana nao Chege Kibachia alipata umaarufu kama kiongozi wa wafanyakazi, iliitia serikali ya kikoloni hofu. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu bandari ya Mombasa, anaeleza jambo ambalo sisi wanafunzi wa fasihi huwa tunalisahau tunapomchora kibarua kama mnyonge tu: kibarua wa siku alikuwa na uhuru fulani. Angeweza kukataa kwenda leo na kwenda kesho. Alikuwa na shamba, au chombo, au jamaa ng'ambo ya maji. Uhuru huo ndio uliowakera watawala.

Dawa waliyoichagua katika miaka ya 1940 na 1950 ilikuwa kuandikisha. Kundi la vibarua likawekwa kwenye orodha, kisha orodha ikapunguzwa, na hatimaye waliobaki wakafanywa wafanyakazi wa kudumu. Waliofaidika walifaidika kweli: malipo yalipanda, na baadaye nyumba na matibabu vikafuata. Lakini orodha ikishafungwa huwa ukuta kwa aliye nje. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, kitenzi "kuandikwa" kilipopata uzito wake wa sasa wa kitu kinachotamaniwa, kitu ambacho baba humtakia mwanawe.

Leo kibarua hajatoweka. Katika viwanda vya Changamwe na yadi za makontena, watu bado huchaguliwa langoni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema wazi kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika kwa miezi mitatu, ahesabiwe kuwa na mkataba wenye malipo ya mwezi. Ni kifungu kizuri. Waliozungumza nami wamekijibu kwa neno moja: "kupumzishwa". Kabla mwezi haujatimia unapumzishwa siku kadhaa, kisha unaitwa tena kama mgeni. Kitenzi cha huruma kabisa, kupumzishwa. Hakuna msamiati wa kikatili hapa.

Kipande

Neno "kipande" linatumika Mombasa kumaanisha kitambulisho, na vijana wengi wanaolitumia hawajui lilikotoka. Sheria ya kuandikisha wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika mtu mzima nchini Kenya kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, kabila lake, jina la mwajiri na kiwango cha malipo. Aghalabu ilitiwa katika kijaluba cha bati na kuning'inizwa shingoni. Mwajiri ndiye aliyetia sahihi ya kumwachilia mfanyakazi. Asipotia, mfanyakazi hangeweza kuajiriwa kwingine kihalali. Mfumo huo uliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940 baada ya upinzani mkubwa. Neno likabaki.

Nimesikia walimu wakilieleza neno hili kama mfano wa kupanuka kwa maana. Naona ni zaidi ya hapo. Maana ya msingi, karatasi ambayo bila hiyo huajiriwi, haikupanuka wala kusinyaa. Na aliyeteseka zaidi kwa kuikosa alikuwa jirani yetu wa kusini. Wamakonde wa Kwale walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Waliletwa na kazi. Wajukuu wao waliozaliwa Kenya walikosa kitambulisho, na kwa kukosa kitambulisho hawakuweza kuandikwa popote, kufungua akaunti ya benki, wala kusajili simu kwa majina yao. Mafundi wa kuchonga mbao waliosifiwa na watalii walikuwa, kwa hesabu ya daftari, hawapo. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kuonana na Rais, na mwisho wa mwaka huo na mwanzo wa 2017 wakatambuliwa na kuanza kupewa vitambulisho. Wapemba wa pwani ya Kenya walisubiri hadi 2023.

Hata kwa wasio katika hali hiyo, njia haikuwa nyoofu. Watu wa Pwani wenye majina ya Kiislamu wamelalamika kwa miaka mingi kwamba wao huitwa mbele ya kamati za uchunguzi na kudaiwa vitambulisho vya babu na bibi, jambo ambalo wenzao wa kwingineko hawaambiwi. Februari 2025 Rais alitangaza kuondolewa kwa uchunguzi wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mipakani. Mwaka mmoja wa kusubiri kipande ukiwa na miaka 18 si jambo dogo. Ndio mwaka ambao wenzako wanaandikishwa vyuoni na kwenye mafunzo ya kazi.

Baada ya kipande huja mrundo: cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, uthibitisho wa kodi, uthibitisho wa mkopo wa elimu, uthibitisho wa tume ya maadili, na barua ya taasisi zinazoweka kumbukumbu za wadaiwa. Kwa miaka mingi waajiri walivitaka vyote pamoja na barua ya maombi, kabla hata ya kumwita mtu. Vingi vina ada. Mtu asiye na kazi alilipia haki ya kuomba kazi ambayo hangeipata. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa ili vyeti hivyo visidaiwe mpaka mwajiri atakapokuwa na nia ya kumpa mtu mkataba. Jambo la kuchekesha, kama ni la kuchekesha, ni lile jina "tabia njema". Lugha yetu ina neno tabia kwa maana ya mwenendo unaojulikana na majirani. Sasa anayeijua tabia yako ni mashine ya alama za vidole.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao wasomi hatuupendi: mtu mwenye ujuzi asiye na cheti kabisa. Mtaani kwetu yuko fundi wa kuchomelea vyuma ambaye wenye mashua na wenye matatu humfuata kutoka mbali. Alijifunza kwa kukaa na fundi mwingine tangu utotoni, kama mafundi wa Pwani walivyojifunza siku zote. Alipojaribu kuomba kazi yenye malipo ya mwezi, swali la kwanza lilikuwa cheti. Ipo njia rasmi, ile mitihani ya ufundi ya madaraja matatu inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo mtu anaweza kuifanya bila kupitia darasani. Hakuwahi kuisikia hadi nilipomwambia mimi, mwanafunzi wa fasihi, niliyeisoma kwa bahati kwenye tangazo. Ikumbukwe kwamba mji huu ulikuwa na chuo cha ufundi kilichoanza kupokea wanafunzi Waislamu wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambacho leo ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Chuo kilipanda cheo. Sina hakika fundi wetu alipanda nacho.

Mahojiano kwa lugha nyingine

Hapa naomba radhi kwa wasomaji wanaopenda makala yasiyo na "mimi". Mwaka mmoja baada ya kufuzu shahada ya kwanza niliitwa kwenye mahojiano ya kazi ya kuhariri na kutafsiri. Matini zote zilikuwa za Kiswahili, na wasomaji wake walikuwa wananchi wa kawaida wa Pwani. Sitaitaja taasisi. Nilijiandaa kwa wiki mbili: istilahi, mikakati ya tafsiri, hata makosa ya kawaida ya uakifishaji. Jopo lilikuwa la watu watatu, na kwa muda wa dakika thelathini hakuna aliyetamka sentensi moja ya Kiswahili. Niliulizwa kwa Kiingereza ni kwa nini nafikiri naifahamu lugha ya Kiswahili vizuri. Nikajibu kwa Kiingereza, nikisita mahali pawili, na nikaona mmoja akiandika kitu. Kiingereza changu si kibaya. Ninakisoma kila siku. Lakini sikukulia ndani yake, na kusita kwangu kulihesabiwa kama upungufu wa kichwa.

Nimeeleza kisa hiki katika semina na kukuta kwamba karibu kila mwanafunzi wa Kiswahili anacho chake. Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kama lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini tangazo la kazi, fomu, jopo na barua ya majibu ni vya lugha moja. Kwa mtoto wa Timbwani kuna ukatili wa ziada ndani yake. Yeye amekua akisifiwa na wageni kwa Kiswahili chake, anaambiwa ni lafudhi ya watu wa pwani, ni tamu. Sifa hiyo haifiki mlangoni mwa ofisi. Binti mmoja tuliyesoma naye aliomba kazi ya mapokezi katika zahanati ambayo wagonjwa wake wote, nasema wote, ni wasemaji wa Kiswahili na Kidigo. Alianguka mahojiano ya Kiingereza. Aliyepata, nilivyosikia, humwita mfagizi amtafsirie ajuza wa Kidigo.

Maneno yenyewe yanatufundisha. Wenzetu wa Tanzania husema "usaili", kutoka kusaili, yaani kuuliza. Sisi Kenya tumezoea "mahojiano", kutoka kuhoji, na kauli ya kutendana imo ndani yake: kuhojiana, huyu amhoji yule na yule amhoji huyu. Kama istilahi yetu ingefuatwa, mwombaji naye angekuwa na zamu ya kuuliza. Nilipopewa nafasi ya kuuliza swali mwishoni nilitaka kuuliza kwa nini hatuzungumzi lugha ya kazi. Nikauliza kuhusu saa za kazi.

Neno "tajriba" nitalipitia kwa haraka kwa kuwa kila msomaji analijua jeraha lake. Tangazo hudai miaka mitano. Kisawe chake, "uzoefu", kinatokana na kuzoea, nawe huwezi kuzoea chakula ambacho hujaonjeshwa. Walimu wanaofuzu wanalijua hili kuliko wote. Tangu serikali ilipositisha mwaka 1998 utaratibu wa kuwaajiri moja kwa moja, wengi husubiri kwa miaka wakifundisha kwa posho ya bodi za shule, na tajriba hiyo ya posho haihesabiwi daima.

"Una mtu?"

Katika orodha yangu ya maneno hamsini, neno nililolisikia mara nyingi zaidi halikuwa kibarua wala kipande. Lilikuwa swali: "Una mtu pale?" Kulijibu "sina mtu" ni kukiri kwamba safari yako ni bure. Mtu, katika matumizi haya, hana sifa ya utu wala ubinadamu tunaoufundisha katika falsafa ya Kiafrika. Ni ndugu, mwanakijiji, mfuasi wa chama kimoja, au mwenye kupokea chai.

Sheria zipo. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Katiba, kifungu cha 232, inaweka ushindani wa haki na ustahili kuwa msingi wa uajiri wa umma, huku ikitaka jamii zote ziwakilishwe. Malalamiko ya Pwani kwamba bandari na mashirika yaliyo katika ardhi yetu huwaandika wageni ni ya zamani kuliko sheria hizo. Sitayakana. Lakini mtu wa Likoni hawezi kuyataja bila kukumbuka Agosti 1997, wakati kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa na majirani zetu waliotoka bara wakauawa na kufukuzwa kwa maelfu. Manung'uniko ya ardhi na kazi yalitumiwa na wenye siasa zao katika mwaka wa uchaguzi. Aliyekuwa akiuza mboga karibu na nyumba yetu alikimbia na hakurudi. Hakuwa ameandikwa popote. Hakuna kazi ya mtu aliyoichukua.

Nasema hivi kwa sababu neno "mwenyeji" nalo limeanza kuwa kipande cha aina yake. Na nimeona mwenyeji aliyepata kiti akimwandika mpwa wake, akamwacha nje mtoto wa jirani, mwenyeji vilevile, aliyemshinda kwa alama.

Kivuko

Kuna kizuizi kimoja ambacho si karatasi. Mtu wa Timbwani anayefanya kazi kisiwani au Changamwe huvuka mlango wa Kilindini kwa feri. Aendaye kwa miguu halipi nauli, na hilo ni jambo la shukrani. Lakini lango la kiwanda linafungwa saa ileile kwa wote, na feri ikiharibika, aliyeamka saa tisa na aliyeamka saa kumi na moja hufika pamoja, wote wamechelewa. Msimamizi achaguaye vibarua hahitaji sababu, anachagua waliopo. Nimesikia watu wakishauriana kuandika anwani ya shangazi wa Majengo au Tudor kwenye fomu, ili mwajiri asijue kwamba wanatoka ng'ambo.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama asubuhi na zaidi ya watu 270 wakafa. Wengi walikuwa wakienda kazini. Barabara ya Dongo Kundu sasa imeiunganisha kusini na bara upande wa pili bila kupanda feri, lakini ni njia ya mwenye gari au mwenye nauli.

Mhusika aliye langoni

Je, fasihi yetu imemwona mtu huyu? Nadhani imemwona kibarua aliye ndani kuliko mtu aliye nje. Katika tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki (1981), Lanina na wenzake wanapambana na mwajiri shambani. Mgogoro unaanza kazi ikiwa imekwisha kupatikana. Katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege (2009) wafanyakazi wa baraza wanagoma kwa sababu ya mishahara duni, nao wameandikwa. Mgomo ni silaha ya aliye kwenye daftari. Asiye kwenye daftari akigoma, hakuna atakayejua.

Hadithi fupi ninayoiona kuwa imeusogelea mlango ni "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike, katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba (2016). Dennis Machora, kijana maskini, anafuzu kutoka chuo kikuu kinachoitwa, kwa bahati inayomfurahisha mtu wa Likoni, Kivukoni. Ana shahada. Anatafuta kazi na kuikosa, na Penina, mpenzi wake kutoka familia yenye uwezo, anamfukuza. Kitabu hiki kilikuwa kitabu teule cha shule za upili Kenya, na swali nililolizoea nilipofundisha kwa muda kama mwalimu wa bodi ni lile la usaliti katika mapenzi. Wanafunzi waliandika kurasa mbili kumlaani Penina. Nilipowauliza ni nani mwingine aliyemsaliti Dennis, darasa lilinyamaza, kisha mvulana mmoja wa nyuma akasema: "Mwalimu, hata wewe umesoma na uko hapa."

Sikuwa na jibu zuri, na hadi leo naona kwamba kichwa cha hadithi kimetusaidia kulikwepa swali hilo. Kifaurongo ni mmea unaojifisha ukiguswa. Tukaona mapenzi tu. Mtafiti atakayeisoma upya kama hadithi ya soko la ajira atapata mengi, hasa akiilinganisha na jinsi riwaya za awali zilivyomchukulia msomi kama mtu ambaye cheti kingemfungulia mlango bila shaka yoyote.

Maneno mapya

Nilipoirudia orodha yangu mwaka uliopita, nikiwauliza zaidi vijana wa chini ya miaka 25 wa Timbwani, maneno yalikuwa yamebadilika. "Kutarmaki", yaani kutembea lami ukitafuta kazi, bado lipo ingawa limeanza kuonekana la kizee. Yaliyotawala ni "kuhasla", "kupambana", "kujitafutia", "kujishikiza". Hakuna hata moja lenye karatasi ndani yake. Wapo wanaofanya bodaboda, wanaouza nguo kwa simu, na wasichana wanaojiandaa kwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, ambao kwao pasipoti imechukua nafasi ya kipande.

Kitenzi "kuandikwa" nilikisikia kwa wazee tu. Nilimwuliza binti mmoja mwenye stashahada ya uhasibu anayeuza viazi karai karibu na kivuko iwapo amewahi kuandikwa. Alifikiri naulizia kama jina lake limetajwa gazetini.